Gego lililozibwa mizizi linatoa usaha tena: ling'olewe au lipasuliwe?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 44, naishi Tabata na nina duka la vitenge Kariakoo. Miaka minne iliyopita gego langu la kwanza la chini, upande wa kushoto, lilisafishwa na kuzibwa mizizi, kisha likawekwa kofia. Lilitulia kabisa. Tangu mwaka jana kumetokea kipele kwenye ufizi chini ya jino hilo. Kinavimba, kinapasuka, kinatoa usaha wa chumvichumvi, kinapotea, halafu kinarudi. Siumwi sana, ila nikitafunia upande huo nahisi jino limekuwa refu. Nimepewa antibayotiki mara tatu. Daktari mmoja anasema ling'olewe niweke jino la kupandikiza, lile la bandia linalofungwa kwenye mfupa wa taya. Mwingine anasema linaweza kuokolewa kwa kupasua na kukata ncha ya mzizi. Nina presha na natumia amlodipine. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole. Madaktari wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na hilo ndilo linalowachanganya wagonjwa wengi. Kung'oa ni tiba, kukata ncha ya mzizi nako ni tiba, na zipo njia nyingine ambazo hukutajiwa. Lakini katika maelezo yako sijaona mahali ambapo mtu amekueleza kwa nini jino lililotulia kwa miaka mitatu limeanza kutoa usaha. Kabla ya jibu hilo kupatikana, nisingekushauri ung'oe wala upasuliwe.

Jino lililozibwa mizizi limeondolewa kile kinyama cha ndani chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mifereji yake imesafishwa na kujazwa gutapecha, kitu kama mpira kitokanacho na utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Nje ya mzizi, hata hivyo, bado kuna uhai: nyuzinyuzi laini zinazoushika mzizi kwenye mfupa wa taya. Ndiyo maana jino "lililokufa" linaweza kutafuna miaka mingi bila shida. Uvimbe na usaha vikirudi, karibu kila mara wahusika ni bakteria. Mwaka 1965 Kakehashi na wenzake huko Marekani walitoboa meno ya panya waliolelewa bila kijidudu chochote. Kiini cha meno hayo kilibaki hai na matundu yakaanza kujiziba kwa mfupa wa jino, ingawa chakula kilikuwa kikiingia humo. Panya wa kawaida waliotobolewa vilevile walipata majipu. Tangu hapo tunajua nini cha kutafuta. Wapo wapi hao bakteria ndani ya gego lako, na wamepitia mlango gani?

Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mizizi miwili, wa mbele na wa nyuma. Mzizi wa mbele una mifereji miwili, na kati ya mifereji hiyo mara nyingi kuna upenyo mwembamba, bapa, ambao sindano za kusafishia haziufikii sawasawa. Mabaki yakisalia humo, bakteria wanapata makazi. Mzizi wa nyuma mara nyingi una mfereji mmoja, lakini si ajabu kukuta miwili, na huo wa pili ndio unaopitwa. Huo ndio mlango wa kwanza: makosa ya usafishaji, na yanarekebishika.

Mlango wa pili ni juu. Mwaka 1995 Ray na Trope walichunguza picha za eksirei za meno zaidi ya 1,000 yaliyozibwa mizizi, wakaona kwamba ubora wa kile kilichofunika jino ulikuwa na uzito mkubwa, hata kuliko ubora wa mizizi ilivyozibwa. Kofia ikiachia upenyo pembeni, mate yanaingia, na baada ya muda bakteria wanashuka hadi kwenye ncha. Wewe umesema jino lilitulia miaka kadhaa ndipo likaanza. Historia ya namna hiyo hunifanya niitazame kofia kwa makini kabla ya kitu kingine.

Mlango wa tatu ndio ninaouogopa: ufa wa wima kwenye mzizi. Jino lililozibwa mizizi limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake, na likitafunia vitu vigumu, au kama ndani yake liliwekwa nguzo nene ya chuma, mzizi unaweza kupasuka kwa urefu. Ufa wa namna hiyo hauzibiki. Hakuna saruji, gundi wala upasuaji unaoweza kuufunga ukadumu. Hapo mara nyingi daktari aliyesema ling'olewe atakuwa amesema kweli.

Sasa, namna ya kujua. Vipimo vinavyohitajika si vya ajabu, ila vinataka subira, na wewe una haki ya kuviomba.

Cha kwanza ni kupima kina cha ufizi kuzunguka jino zima, kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. Kijiti kikizama milimita mbili au tatu kila mahali, halafu kikatumbukia ghafla milimita nane au tisa katika sehemu moja nyembamba, shaka ya ufa inapanda sana. Kipimo hiki huchukua dakika chache, hakigharimu karibu chochote, na ndicho kinachorukwa zaidi. Cha pili ni kuingiza kijiti laini cha gutapecha kwenye tundu la kile kipele chako na kupiga eksirei kikiwa humo. Hakiumi kama unavyodhani. Kitafuata njia ya usaha hadi kwenye chanzo chake, na picha itaonyesha kama usaha unatoka kwenye mzizi wa mbele, wa nyuma, au katikati ya mizizi. Inawezekana hata ukatoka jino la jirani. Kipele kikiwa mbele ya gego si ushahidi kwamba gego ndilo lenye kosa.

Cha tatu ni picha ya CT ya meno, ile inayoonyesha taya katika pande zote tatu. Eksirei ya kawaida huulaza mzizi mmoja juu ya kivuli cha mwingine. CT huonyesha mfereji uliosahaulika, ukubwa wa shimo kwenye mfupa, na kitu muhimu sana kwa jino la chini: umbali kati ya ncha za mizizi na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya kwenda kwenye mdomo na kidevu. Kama kuna yeyote anayetaka kupasua taya yako ya chini bila kuujua umbali huo, mwombe asubiri.

Kuhusu antibiotiki ulizopewa mara tatu, naomba nisemee kwa msisitizo, maana naona hili kila wiki. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililozibwa mizizi hakuna damu. Inapunguza uvimbe nje, kipele kinakauka, unafurahi, na bakteria walioko ndani ya mzizi wanaendelea kama kawaida. Ni sawa na kupaka rangi ukuta unaolowana na bomba lililopasuka ndani yake. Antibayotiki ina nafasi pale uvimbe unaposambaa usoni au shingoni, au kunapokuwa na homa. Kipele kinachotoa usaha chenyewe bila homa hakihitaji dozi nyingine ya amoksilini na Flagyl kutoka duka la dawa la mtaani. Dozi hizo za mara kwa mara zinawazoesha bakteria, na siku utakapoihitaji dawa kwa kufa na kupona, inaweza isikusaidie.

Tuseme sasa vipimo havikuonyesha ufa, na mfupa unaolishikilia jino bado uko imara. Kabla ya kisu, swali la kwanza ni kama mizizi inaweza kusafishwa upya kupitia juu. Kofia hutolewa au hutobolewa, gutapecha ya zamani inaondolewa, mfereji uliopitwa unatafutwa chini ya hadubini, kila kitu kinaoshwa kwa dawa ya klorini huku jino limetengwa na mate kwa kipande cha mpira, kisha linazibwa upya na kuwekewa kofia mpya. Hakuna kuchana fizi. Njia hii inawafuata bakteria kule wanakoishi, na kwa jino kama lako, ambalo huenda kofia yake inavuja, ningeanzia hapo.

Siyasemi haya kwa mapenzi tu ya njia ya upole. Mwaka 2009 yalichapishwa mapitio yaliyojumlisha tafiti nyingi za kulinganisha njia hizi mbili. Katika miaka miwili hadi minne ya mwanzo upasuaji ulikuwa mbele, karibu asilimia 78 dhidi ya 71. Katika miaka minne hadi sita mambo yaligeuka: kusafisha upya kulifikia asilimia 83, upasuaji ukashuka hadi 72 hivi. Upasuaji hutuliza haraka, lakini kama bakteria wamebaki juu ndani ya mfereji, kukata ncha kunafunga mlango mmoja tu. Ni kweli kwamba nyingi ya tafiti hizo zilihusu upasuaji wa mtindo wa zamani, na hilo nitalirudia hivi punde.

Upasuaji unakuwa chaguo la kwanza pale njia ya juu imefungwa au imeshajaribiwa. Mfano ni nguzo ya chuma iliyozama kwenye mzizi ambayo kuing'oa kunaweza kuupasua, au sindano iliyokatikia chini kabisa ya mfereji. Mfano mwingine ni mizizi iliyosafishwa upya vizuri kabisa na bado kivuli kwenye picha kinakua, kwa sababu bakteria wameshajenga utando wao nje ya ncha, au kwa sababu kimejengeka kifuko chenye majimaji ambacho hakitegemei tena kilichomo ndani ya mfereji. Pia kofia ikiwa mpya, imekaa vizuri bila kuvuja, na mizizi imezibwa vizuri hadi chini, kuibomoa yote ili kurudia kilekile si busara.

Upasuaji wenyewe unafanywa kwa ganzi, ukiwa macho, na huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu. Fizi inachanwa na kuinuliwa taratibu. Daktari anafungua kidirisha kwenye mfupa, siku hizi cha milimita nne au tano tu. Nyama zilizooza kuzunguka ncha zinakwanguliwa, na ninasisitiza zipelekwe maabara, kwa sababu mara chache sana uvimbe wa ncha ya jino huwa si wa jino. Halafu ncha ya mzizi inakatwa milimita tatu. Urefu huo umechaguliwa kwa sababu vijitawi vingi vya mifereji viko kwenye milimita tatu hizo za mwisho. Sehemu iliyokatwa inapakwa wino wa buluu na kutazamwa kwa hadubini. Wino hujikusanya kwenye ule upenyo mwembamba niliokutajia, au kwenye ufa ambao picha zote hazikuuona. Ufa ukionekana hapo, upasuaji unasimama na mazungumzo yanabadilika, na ni vyema mkubaliane kabla ya siku hiyo kitafanyika nini. Kama hakuna ufa, mfereji unachimbwa kutokea chini, milimita tatu kwenda juu, kwa ncha ndogo inayotetema kwa kasi kubwa, na tundu linazibwa.

Linazibwa kwa nini, na kwa vifaa gani? Hapa ndipo upasuaji wa leo unapotengana na ule ambao wengi wenu mmesimuliwa na wazazi wenu. Zamani mzizi ulikatwa kwa mshazari, ukachimbwa kwa keekee kubwa, ukazibwa kwa amalgamu, ule mchanganyiko wa kijivu wa zebaki na fedha. Katika miaka ya 1990 Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, walileta MTA, saruji inayokaribiana kwa asili yake na saruji ya kujengea. Inaganda penye unyevunyevu, inaziba vizuri, na tishu zinaivumilia kiasi kwamba mfupa unaota hadi karibu nayo. Mapitio ya mwaka 2010 yalilinganisha mtindo wa zamani na huu wa hadubini, ncha zinazotetema na saruji mpya: mafanikio ya wa zamani yalikuwa asilimia 59, ya huu mpya asilimia 94. Namba hiyo ya pili imepatikana kwa wataalamu, kwenye meno yaliyochaguliwa vizuri, kwa ufuatiliaji usio mrefu sana, kwa hiyo usiichukue kama ahadi. Lakini pengo kati ya namba hizo mbili ni kubwa mno kupuuzwa. Ukiambiwa utakatwa ncha ya mzizi, uliza: mtatumia hadubini au walau miwani ya kukuza? Mtaziba ncha kwa nini? Kukata ncha na kuacha mfereji wazi bila kuziba si upasuaji ninaoweza kuutetea.

Kwa gego la kwanza la chini kazi hii inawezekana, hasa kwa mzizi wa mbele. Kadiri tunavyorudi nyuma, kwenye gego la pili, mfupa wa nje unakuwa mnene, mizizi inaegemea ndani upande wa ulimi, na ule mshipa wa fahamu unasogea karibu. Ukiguswa, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kufa ganzi kwa wiki au miezi, na kwa wachache isirudi sawasawa. Kwa mfanyabiashara anayezungumza na wateja kutwa nzima hilo si jambo dogo, na lazima uambiwe kabla ya kusaini.

Kwa meno ya namna hiyo kuna njia ambayo wagonjwa wakiisikia hudhani natania: jino linang'olewa makusudi, linatengenezwa nje ya mdomo, na kurudishwa mahali pake. Si jambo geni duniani. Al-Zahrawi, tabibu wa Cordoba aliyeishi karne ya 10 na kuingia ya 11, aliandika kuhusu kurudisha jino lililotoka na kulifunga kwa uzi. Siku hizi daktari analing'oa kwa upole bila kuukwaruza mzizi, analishika kwa juu tu, analiweka katika maji ya chumvi ya hospitali, anakata ncha na kuiziba, na kulirudisha, ikiwezekana ndani ya dakika 15. Haraka hiyo ni kwa ajili ya zile nyuzinyuzi hai za nje ya mzizi. Zikikauka zinakufa, na hapo mfupa unaweza kugandana na mzizi na kuanza kuula taratibu. Jino linafungwa na jirani zake kwa wiki moja au mbili. Gego lenye mizizi iliyotanuka kama miguu ya kigoda halifai, litavunjika likitolewa. Lenye mizizi iliyoungana au iliyonyooka linafaa sana. Kwa macho yangu njia hii inadharauliwa kuliko inavyostahili.

Njia ya mwisho ya kuokoa ni kuliokoa nusu. Kama mzizi mmoja tu ndio ulioharibika, kwa mfano una ufa au mfupa wake umeliwa, na mwingine ni mzima, gego la chini linaweza kukatwa katikati: nusu mbovu inatolewa, nusu nzima inabaki na kuvikwa kofia kama jino dogo, au inatumika kama mguu wa daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya pembeni. Inadai usafi mkubwa, kwa sababu chakula kinapenda kujificha pale, na nusu iliyobaki ni rahisi kuvunjika. Kwa mtu anayepiga mswaki kwa bidii na asiyesaga meno usiku, imewahi kunipa matokeo mazuri.

Sasa upande wa yule daktari wa kwanza. Kwetu msemo ni kwamba dawa ya jino ni kung'oa, na kuna siku msemo huo ni sahihi: ufa wa wima, jino lililooza hadi chini ya ufizi kiasi kwamba hakuna walau milimita mbili za jino zima za kushikilia kofia, au mfupa uliokwisha liwa na ugonjwa wa fizi. Jino la kupandikiza ni tiba nzuri sana katika hali hizo. Tafiti zinazolilinganisha na jino la asili lililotibiwa mizizi na kuvikwa kofia zinaonyesha kwamba yote mawili hudumu kwa viwango vinavyokaribiana. Kwa sababu hiyohiyo sioni haraka ya kung'oa jino linalookoka. Jino lako likishindwa miaka kumi ijayo, nafasi ya kupandikiza itakuwa bado ipo. Ukiling'oa leo, hakuna kurudi. Ukilazimika kung'oa, usiache pengo likae miaka, kwani gego la juu litashuka kufuata nafasi na la nyuma litalala.

Presha yako haizuii lolote kati ya haya, ilimradi imedhibitiwa. Usiache amlodipine siku ya upasuaji. Imeze kama kawaida, kula, na mwambie daktari apime presha kabla ya sindano. Ikifika 180 kwa 110 au zaidi, kazi isiyo ya dharura inaahirishwa. Ganzi ina adrenalini kidogo, na kwa mtu kama wewe inatumika kwa kiasi kilichopimwa, ikidungwa polepole. Baada ya upasuaji kwa kawaida tunapenda ibuprofeni kwa maumivu, lakini ikitumiwa kwa siku nyingi inaweza kupandisha presha, kwa hiyo kwako ningeanza na paracetamol, na ibuprofeni iwe kwa ruhusa ya daktari wako wa presha na kwa siku chache tu. Jambo jingine ambalo huenda hukuambiwa: amlodipine yenyewe huweza kunenepesha fizi kwa baadhi ya watu. Kama fizi zako zimevimba mdomo mzima, si pale tu penye kipele, mtajie daktari wa meno na wa presha pia. Wasomaji wengine wenye kisukari kisichotulia, vali za moyo za bandia, wanaotumia warfarin au dawa za kuimarisha mifupa, msikubali kupasuliwa kabla daktari wa meno hajawasiliana na daktari wenu.

Maumivu? Wakati wa kazi utahisi kusukumwa, si kuumwa. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha unashuka, na nyuzi hutolewa ndani ya wiki. Siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu, dakika 20 uweke, 20 upumzike. Kula uji, mtori, viazi vya kuponda, samaki asiye na miiba. Mishikaki, mahindi ya kuchoma na kashata visubiri. Usivute shavu kila saa kuangalia nyuzi kwenye kioo. Dukani rudi baada ya siku tatu nne, maana kupatana bei kwa sauti Kariakoo siku ya pili kutakuchokoza kidonda. Kama unafunga, panga shughuli hii nje ya Ramadhani, kwa kuwa dawa na maji vinahitajika mchana.

Hapa Dar es Salaam kazi hizi zinafanywa na madaktari bingwa wa urejeshaji wa meno na wapasuaji wa kinywa na taya. Muhimbili ndiko wanakofundishwa mabingwa hao, katika chuo kikuu cha MUHAS, na kliniki za meno za hapo zinapokea wagonjwa wenye rufaa. Zipo pia hospitali na kliniki binafsi zenye hadubini na CT. Kokote uendako, una haki ya kuuliza kama daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kama kazi hii anaifanya mara kwa mara. Kuhusu fedha, omba gharama yote kwa maandishi: vipimo, kazi yenyewe, na kofia mpya, kwa sababu wengi huambiwa bei ya upasuaji peke yake na kukwama kwenye kofia. Kama una bima, pata kibali chake kwanza. Ulinganishe jumla hiyo na jumla ya kung'oa pamoja na kupandikiza, si na bei ya kung'oa tu.

Baada ya tiba yoyote ya kuokoa, mfupa hauponi kwa wiki. Piga eksirei baada ya miezi sita na baada ya mwaka mmoja. Kivuli kikipungua, hata kama hakijaisha, kinaachwa kiendelee. Uponyaji huweza kuchukua hadi miaka minne. Kipele kikirudi baada ya kuwa kimefunga, rudi mapema.

Wakati unasubiri miadi, sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi na endelea kupiga mswaki hapohapo penye kipele, kwa upole. Usikiminye. Lakini uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukishindwa kumeza mate au kufungua mdomo, au ukipata homa na kutetemeka, hiyo si habari ya miadi tena: nenda dharura Amana au Muhimbili saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Ukishapata vipimo vile vitatu, niandikie vimeonyesha nini, nami nitakwambia kati ya njia hizi ipi ningeichagua.